Mafuta Yaliyoelea

Inspekta Agnela Tarimo aliagiza mtuhumiwa atolewe mahabusu, na boksi lake la spana liletwe kutoka stoo ya vielelezo. Sajini Yoeli, msaidizi wake, alisita mlangoni.

“Afande, unataka afanye nini?”

“Kazi aliyokuwa anataka kuifanya kabla hatujamkamata.”

Yadi ya kituo ilikuwa bado imelowa manyunyu ya alfajiri. Chini ya mti wa mgrivea lilisimama Landrova la kijivu, la zamani kuliko Inspekta mwenyewe, tairi la akiba limelazwa juu ya boneti. Lilikuwa gari la Mzee Manase wa Sekei, mtaalamu mstaafu wa kahawa, ambaye alilipenda kiasi kwamba watu wa mtaani walimtania kuwa lina chumba chake ndani ya nyumba.

Alhamisi ya wiki iliyopita, kulipokuwa kunapambazuka, gari hilo lilimgonga Sifael, mfugaji wa Oldonyosambu, akivuka barabara kubwa na dumu lake la maziwa. Dereva hakusimama. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani, lakini mwanamke aliyekuwa akisubiri gari la maziwa aliona jambo moja lisilosahaulika: tairi juu ya boneti. Vioo vya taa vilivyookotwa barabarani viliwapeleka polisi hadi Daraja Mbili, kwenye gereji ya fundi Prosper. Taa iliyovunjika ilikutwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na taa mpya ilikuwa imeshafungwa kwenye Landrova. Prosper akawekwa ndani.

Maelezo yake hayakubadilika hata mara moja. Alisema Derick, kijana wa Mzee Manase, aliliburuza gari hilo kwa kamba hadi gereji Alhamisi mchana. Alimwambia amegonga geti la nyumbani, abadilishe taa na atengeneze klachi. Derick naye alishikilia kwamba aliliacha gereji Jumatano jioni, likiwa zima, na funguo akamkabidhi fundi mkononi. Mzee Manase mwenyewe alikuwa Machame kwenye msiba wa kaka yake, na usharika mzima ulimwona. Basi palibaki maneno ya wawili, kila mmoja peke yake na siku yake.

Prosper aliletwa akikunjakunja macho kwa mwanga. Alikuwa mtu mnene, mpole, na shati lake alilolalia lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

“Fundi, umeamkaje?” Agnela alimuuliza.

“Nimeamka, afande. Ndani ni ndani.”

“Uliandikisha kwamba gari hili halikuweza kuendeshwa na mtu yeyote.”

“Klachi ilikuwa imekufa, afande. Ukikanyaga, pedeli inakwenda chini na hairudi. Gari la namna hiyo utalipelekaje Oldonyosambu?”

Agnela alilizunguka gari. Alifungua mlango wa dereva, akaketi, akakanyaga pedeli ya klachi. Ilizama bila ubishi, ikalala sakafuni kama ulimi wa ng’ombe aliyechoka. Akaiacha hukohuko. Injini ikiwa imezimwa, akaingiza gia namba moja, akazungusha ufunguo. Gari liliruka, likatetemeka, stata ikalisukuma hatua chache, halafu injini ikashika na Landrova likaanza kutembea taratibu kuelekea ukuta. Askari aliyekuwa akifagia alikimbilia pembeni. Agnela alifika karibu na ukuta, akazima, akakanyaga breki.

Aliposhuka, Prosper alikuwa akitazama chini.

“Nilianzia kazi usalama barabarani, fundi. Nimehamisha magari mabovu mengi kuliko mazima. Unajua hii.”

“Naijua, afande.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, mngenimaliza.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nani mwingine angejua kuliendesha hivyo kama si fundi?”

Sajini Yoeli alimtazama mkubwa wake kwa uso wa mtu aliyeshinda dau bila kucheka. Agnela aliona, akaacha. Hata yeye, tangu jana, alikuwa akielekea kuamini kwamba ni fundi. Kilichomzuia ni swali dogo. Mkaguzi wa magari aliandika kwamba klachi haifanyi kazi, lakini hakuandika ilianza lini kutofanya kazi, wala kwa nini.

“Fungua masta,” alimwambia Prosper. “Polepole. Kila unachokitoa nionyeshe kabla hujakifuta. Yoeli, wewe piga picha.”

Prosper alipiga magoti kwenye mlango wa dereva. Masta ya klachi, pampu inayosukuma mafuta pedeli inapokanyagwa, kwenye magari yale imejificha ndani ya kiboksi cha chuma juu ya pedeli, na asiyeijua huweza kushinda kutwa akiitafuta. Kwanza aliinua mpira wa sakafu. Chini yake rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, bati limebaki jeupe.

“Mafuta ya breki ndiyo yanayotumika humu,” alieleza. “Raba ya ndani ikizeeka, yanapita nyuma, yanashuka na pedeli hadi kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Yanakula rangi. Hata viatu yanakula.”

“Viatu,” alirudia Yoeli, akaandika.

“Hilo ni la siku moja?”

“Hapana, afande. Hili ni la miezi. Mzee anapenda gari, lakini masta hii alikuwa anaiongezea mafuta tu. Nilimwambia tangu mwaka jana tubadilishe. Mpya nilishamwagizia, ipo pale kwenye boksi.”

Alilegeza bolti moja baada ya nyingine, akafungua bomba, akakiinua kiboksi kizima na pedeli yake ikining’inia. Agnela alisogeza chupa ya kioo, ile pana ya jamu, ambayo alikuwa ameitoa ofisini na kuiosha.

“Mafuta yote mimina humu. Ya kwenye kopo lake la juu na ya ndani ya masta.”

Yalitoka machafu, meusi, yamevurugika kama maji ya mtaro. Alifunika chupa na kuiweka juu ya ukuta mfupi, mahali pasipo na mtikisiko. Kisha Prosper aliibana masta kwenye meza, akatoa kiringi kinachoizuia pistoni, akaichomoa.

Hapo mikono yake ilisimama.

“Afande, njoo uone.”

Raba iliyokuwa kwenye pistoni haikufanana na raba iliyozeeka. Agnela aliwahi kuona raba za breki zilizochoka: huwa ngumu, zimelika pembeni, zina mikwaruzo. Hii ilikuwa imenona. Ilikuwa laini, imefura, imejaa kwenye tundu lake hadi fundi alipoitoa ilipasuka vidoleni kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa.

“Hii haikufa kwa uzee,” alisema Agnela.

“Ilikuwa inakufa kwa uzee, halafu ikauawa.” Prosper aliigeuza kwenye mwanga. “Mtu ametia oili. Raba hizi haziwezi oili ya mashine. Ukitia tu, mwanzoni pedeli inapanda vizuri, unafurahi. Baadaye raba inavimba, inakwama, imekwisha.”

“Oili gani?”

“Siwezi kujua kwa macho.”

“Wewe kwenye gereji yako una mafuta ya breki?”

“Makopo tele. Sajini aliyaona.”

Yoeli aliitikia kwa kichwa, kwa shingo upande.

“Basi funga mpya,” alisema Agnela. “Gari hili litahitajika Oldonyosambu, na sitaki kulipeleka kwa kuruka kama chura.”

Kazi ile iliwachukua sehemu kubwa ya asubuhi. Prosper aliifunga masta mpya ndani ya kiboksi, akapima fimbo inayoisukuma ili pedeli iwe na mchezo kidogo kabla ya kukamata, akarudisha kila bolti mahali pake. Halafu akaingia chini ya gari kutoa upepo kwenye bomba, na kwa kuwa kazi hiyo inataka watu wawili, Sajini Yoeli akajikuta amekaa kwenye kiti cha dereva.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga.”

“Shikilia hapohapo. Sasa achia. Polepole, sajini, unarudisha upepo.”

“Samahani,” alisema Yoeli, na Agnela akageuza uso. Haikuwa kila siku sajini alimwomba radhi mahabusu.

Aliporudi kwenye ukuta kuitazama chupa, uchafu ulikuwa umejitenga. Chini mafuta ya breki yalikaa meusi na mazito. Juu yake, bila kuchanganyika, lilielea tabaka pana la kitu cheupe, safi kama maji. Aliifungua, akachovya kidole, akakisugua. Kilikuwa chepesi sana. Si oili ya injini, ambayo ni nzito na ya rangi ya asali. Si ya gia, ambayo hunuka. Aliinusa mara mbili. Harufu yake ilikuwa ndogo, ya usafi, na ilimkumbusha chumba chenye vitambaa, ingawa hakuweza kusema chumba cha nani.

Alifunga chupa, akaibandika lebo na kusaini.

“Yoeli, fundi arudi ndani, lakini apewe chai ya moto. Sisi tunakwenda Sekei.”

Njiani Yoeli, aliyeshika usukani, alishindwa kuvumilia.

“Afande, mimi naona ni Derick. Fundi asingetia oili mbaya, hilo nimekubali. Derick alikuwa na funguo, baba yake hayupo, na kila Jumapili yuko na vijana wenzake wenye magari ya kizamani. Tukitazama kiatu chake cha kushoto, tumemaliza.”

“Tutakitazama.”

Nyumba ya Mzee Manase ilikuwa nyuma ya ua wa michongoma uliokatwa vizuri. Kutoka getini walisikia cherehani ikishona ndani, na kila gurudumu lilipozunguka ilitoa mlio mkavu, wa kukwaruza. Derick alikuja kuwafungulia akiwa na kandambili. Alikuwa kijana mrefu wa macho mekundu. Viatu vyake vyeupe vya raba vilikuwa barazani, na bila kuombwa Yoeli aliinama na kukiinua kiatu cha kushoto. Kwenye kisigino na ubavuni palikuwa na doa la kahawia, na gundi ilikuwa imeachia.

“Hiki kimeliwa na nini, Derick?”

Kijana alikitazama kiatu. “Lile gari linavuja. Kila anayelikalia linamchafua. Siku ya kulivuta mimi ndiye niliyeshika usukani.”

“Siku ya kulivuta?” aliuliza Yoeli. “Si ulisema ulilipeleka likiwa zima Jumatano?”

Derick alirudi nyuma hatua moja. Yoeli alishika pingu kiunoni, lakini Agnela akaketi kwenye ngazi ya baraza kana kwamba amekuja kupumzika.

“Niambie kitu kimoja, Derick. Wewe ni mtu wa magari haya. Kopo la klachi likipungua, unaongeza nini?”

“Mafuta ya breki.” Swali lilimshangaza. “Lipo kopo kule stoo.”

“Na ukilikosa?”

“Naenda kununua. Huwezi kutia kitu kingine. Ukitia oili ya mashine unaua raba zote, hata mtoto anajua.”

“Hata mtoto,” alisema Agnela.

Aliona Derick akielewa alichokisema. Macho ya kijana yalikimbia kuelekea dirisha la sebule, yakarudi haraka. Ndani cherehani ilikuwa imenyamaza.

“Naomba nimsalimie mama.”

“Mama hajisikii vizuri.”

“Karibuni ndani,” sauti ya mwanamke ilisema kutoka sebuleni. “Derick, wapishe wageni.”

Mama Anaeli, mke wa Mzee Manase, alikuwa amekaa nyuma ya cherehani kubwa ya kukanyaga, amezungukwa na majoho ya kwaya ya rangi ya zambarau. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, miwani imening’inia shingoni kwa kamba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaeni. Derick, waletee chai.”

“Mama,” alianza Derick.

“Waletee chai.”

Agnela alikaa. Dirishani, karibu na bobini na chaki, ilisimama chupa ya plastiki ya mafuta ya cherehani, ile kubwa ya mafundi. Mwanga ulipita ndani yake wote. Haikuwa na hata tone.

“Cherehani inalia, mama.”

“Mafuta yameisha.”

“Chupa kama ile humtosha fundi muda gani?”

“Hukaa sana,” alisema Mama Anaeli. “Matone mawili, matatu tu kwa wiki.”

Agnela alitoa kwenye mkoba ile chupa ya jamu, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Tabaka jeusi lilitulia chini, jeupe juu. Mama Anaeli alivaa miwani, akaitazama kwa muda, kisha akaivua.

“Mama, kabla hujasema chochote, nakuonya kwa mujibu wa sheria. Una haki ya kunyamaza. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani.”

“Nimekusikia.” Alikunja joho lililokuwa mbele yake, mkono kwa mkono, akaliweka pembeni. “Mzee alinifundisha kwamba pedeli ikizama, kopo limekauka, liongezwe. Hakunionyesha linakula nini. Sikuona kingine humu ndani ila chupa ile.”

“Uliliendesha wewe.”

“Mimi. Derick alikuwa amelala kwa rafiki yake Moshono. Aliporudi alilikuta limevunjika taa, nikamwambia. Yaliyofuata yote aliyafanya kwa ajili yangu.”

Kisha alisimulia, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. Binti yake Hope alikuwa mwalimu Oldonyosambu, na ujauzito wake haukuwa umetimia. Alfajiri ile alipiga simu: damu. Gari zuri lilikuwa Machame na mzee. Dereva wa teksi wanayemjua hakupokea. Ndipo akatoka na Landrova, akatia mafuta, pedeli ikapanda, akaona Mungu amejibu. Alifika. Alimlaza Hope nyuma juu ya godoro, lakini alipotaka kuondoka pedeli ilianza kuzama tena.

“Nilipofika kwenye kona ya kwanza, nilimwona akiwa tayari mbele ya taa. Nilikanyaga breki. Nilimgonga.” Alitazama mikono yake. “Gari lilipunguza mwendo likakaribia kuzima. Nilijua likizima haliondoki tena, klachi hakuna, na mwanangu nyuma anatoka damu. Nikaendelea.”

Yoeli aliacha kuandika. Derick alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Agnela aliinama mbele kidogo kumwelekea. Alimwonea huruma yule mama, na kwa sababu hiyohiyo hakutaka kuliacha lile lipite.

“Mama, gari lile huondoka. Asubuhi hii nimeliwasha mwenyewe, pedeli ikiwa sakafuni, nikiwa nimeingiza gia. Na wewe ulipomchukua Hope pedeli ilikuwa imeshazama. Uliliondoaje pale shuleni?”

Nje jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Mama Anaeli hakuinua macho.

“Nililiwasha kwenye gia,” alisema hatimaye. “Mzee alinifundisha hata hilo, zamani, tulipokuwa tunakwenda mashambani.”

“Basi ungeweza kusimama.”

“Ningeweza. Kumpakia kungechukua muda. Sikujua ni mzima au amekufa. Sikutaka kujua.” Aliizungusha kamba ya miwani kidoleni. “Nilimpima mwanangu na mtu nisiyemfahamu. Sikuchelewa kuamua. Lile la klachi nimelisema kwa mume wangu kwenye simu, na kwa Derick. Nimelisema sana hadi likaanza kuwa kweli.”

“Na Prosper?”

“Derick alisema watamwachia. Hawatakuwa na ushahidi.”

“Ana watoto, mama.”

“Najua. Joho la binti yake ndilo hili.”

Hakuna aliyegusa chai. Agnela alimweleza kwamba itabidi waondoke naye, kwanza aandike maelezo kituoni, kisha akawaonyeshe mahali. Mama Anaeli aliinuka, akatafuta khanga ya kujitanda. Ndipo mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, na msichana mwenye uso uliopauka akatokea, amemshikilia kifuani mtoto mdogo sana aliyevikwa kofia ya sufu.

“Hope, rudi ulale,” mama yake alimwambia. “Ni mambo ya ile ajali. Nilikuambia, tulipita juu ya jiwe.”

“Jiwe haliiti, mama,” alisema Hope.

Akabaki pale mlangoni. Mama Anaeli alimwendea, akainamisha kichwa juu ya kile kikofia, akavuta harufu ya mtoto. Kisha akatoka nje mbele ya askari, bila kushikwa.

Prosper aliachiwa mchana uleule. Alihesabiwa vitu vyake, akapewa boksi lake la spana, akasimama kidogo karibu na Landrova kama mtu aliyesahau kitu.

“Nani ataliendesha, afande?”

“Mimi.”

“Pedeli sasa ni nyepesi. Usiikanyage kwa hasira.” Alifikiri. “Mama Anaeli hajambo?”

“Si sana.”

“Mpe pole,” alisema Prosper, akaenda zake. Baada ya hatua chache aligeuka, uso umebadilika, kana kwamba hasira ndiyo kwanza inamfikia. “Hapana,” alisema. “Usimpe chochote. Nitakuja mwenyewe siku moja.”

Agnela aliendesha mbele, Mama Anaeli pembeni yake, Yoeli akifuata na gari la polisi. Walipita Ngaramtoni. Zaidi ya hapo ardhi ilikauka, vumbi likawa jekundu, na nyuma yao mlima ukajitoa kwenye mawingu upande mmoja. Klachi ilifanya kazi vizuri. Kila Agnela alipobadilisha gia, mama wa watu alitazama mguu wake.

Kwenye kona kulikuwa na watu wachache waliopewa taarifa na mwenyekiti wa kitongoji. Mbele yao alisimama Nosim, mjane wa Sifael, shuka nyeusi mabegani. Alikuwa na umri wa kumzidi Agnela kidogo tu.

“Takwenya,” Agnela alimsalimia kwa Kimaasai.

“Iko.”

“Huyu ndiye. Amekubali kutuonyesha mahali. Kama hutaki kuwa karibu, hakuna atakayekulaumu.”

“Nitakuwa karibu,” alisema Nosim.

Yoeli alivuta futi. Mama Anaeli alionyesha alikotokea, mahali alipokanyaga breki, na mahali gari lilipokwenda polepole. Sauti yake ilisikika vizuri. Alipofika kwenye ukingo wa majani, alisimama.

“Aliangukia hapa.”

Nosim alisogea. Hakumtazama yeye, alitazama majani.

“Watu wote waliniambia alikufa palepale,” alisema. “Waliniambia hakuumia. Hata mchungaji.”

Agnela aliijua ripoti ya daktari, na haikusema hivyo. Hakuna aliyemwuliza yeye.

“Ulitazama nyuma?” Nosim aliuliza.

“Nilitazama. Kwenye kioo cha pembeni.”

“Alikuwa amekufa?”

Mwenyekiti wa kitongoji alikohoa, akataka kuingilia kati. Agnela akamzuia kwa kiganja.

“Hapana,” alisema Mama Anaeli. “Aliita. Halafu akainua mkono.”

“Mkono gani?”

Swali lile lilimfanya Yoeli ainue kichwa kutoka kwenye daftari.

“Wa kushoto.”

Nosim aliitikia taratibu, mara kadhaa. Kisha akamwambia Agnela, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba bega la kulia la mumewe halikuinuka tena tangu fahali alipombana kwenye zizi. Kwamba hilo hakulijua mtu isipokuwa wa nyumbani, maana Sifael aliona aibu. Huyu mama basi hasemi uongo. Alimwona kweli.

Yoeli aliliandika. Lilikuwa jambo zito kwa mahakama, na Agnela alilijua, lakini hakusikia ile nafuu anayoisikia kesi inapojifunga.

Nosim alikunja shuka, akaketi kwenye majani, pembeni kidogo ya pale palipoonyeshwa. Akapiga ardhi kwa kiganja.

“Kaa,” alimwambia Mama Anaeli. “Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemwona. Hawa wapime barabara yao. Mimi unieleze alivyokuwa amevaa, alivyoita, alikuwa ametazama wapi. Usiruke kitu.”

Mama Anaeli alimgeukia Inspekta. Agnela alirudi nyuma hadi kwenye Landrova, akafungua mlango, akakaa na kusubiri, na yule mama akashuka chini kwa magoti, akaketi.